Kengele ya angani: mali isiyofanya kazi jirani asipokuwa nayo

Bidhaa nyingi zinazopita katika ukurasa huu, iwe ni mashine ya kusaga, friji ya duka au gari la mizigo, humfaa mnunuzi tangu siku aliyolipa fedha zake. Jirani anunue au asinunue, mashine itasaga. Wiki hii tunaangalia bidhaa ya aina nyingine kabisa, nayo ni kifaa cha kuzuia ndege ndogo zisigongane angani. Mtu akikinunua peke yake katika nchi nzima, amenunua kijisanduku chenye taa. Thamani ya kifaa hicho imo mikononi mwa wenzake, na hapo ndipo ilipo hesabu inayowahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo, hata wale ambao hawajawahi kupanda ndege.

Suala lenyewe haliko mbali nasi. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink, iliyokuwa imeruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mwalimu na mwanafunzi wake, walifariki dunia. Chanzo cha ajali ile ni kazi ya wachunguzi wa Kenya na ukurasa huu hauna la kuongeza. Lakini mwenye shule ya urubani, mwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani, au aliyeweka fedha zake katika kampuni ya namna hiyo, ana haki ya kuuliza soko linauza nini cha kuzuia balaa kama hilo, kwa bei gani, na kwa masharti yapi.

Kwanza tueleze kwa nini macho ya rubani hayatoshi. Kanuni ya zamani ya ndege ndogo ni kutazama na kukwepa. Sasa chukua ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilometa 200 kwa saa. Zinakaribiana kwa kilometa 400 kwa saa, yaani mita 111 hivi kila sekunde. Zikiwa zimebakiza kilometa 2 kati yao, marubani wana sekunde 18 za kuonana, kuelewa na kugeuza ndege. Jambo la pili wanalijua vizuri manahodha wa majahazi: chombo kinachokuja kukugonga ni kile kisichohama mahali pake machoni pako. Kinakua tu. Jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachosogea, na kile kisichosogea hulipita. Ndege inayokuja kukugonga hubaki nukta palepale kwenye kioo, kisha katika sekunde za mwisho hujaza kioo kizima.

Ndege kubwa za abiria zilipata dawa ya tatizo hili zamani, kwa gharama ya maisha ya watu. Agosti 31, 1986, huko Cerritos, California, ndege ya Aeroméxico aina ya DC-9 iligongana na ndege ndogo ya Piper na watu 82 wakafa, wakiwamo 15 waliokuwa chini majumbani. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzilazimisha ndege za abiria zenye viti zaidi ya 30 kufunga mtambo uitwao TCAS, na kazi ikatakiwa ikamilike mwishoni mwa mwaka 1993. TCAS huuliza maswali kwa redio, na ndege nyingine hujibu kwa chombo kinachoitwa transponda. Kutokana na majibu hayo mtambo hupima umbali na kimo, na ikibidi humwamuru rubani apande au ashuke.

Ni mtambo mzuri, lakini una mambo mawili yanayouzuia kuingia katika ndege ndogo. La kwanza ni bei, inayohesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, fedha ambazo zinaweza kununua ndege ndogo iliyotumika. La pili ni kwamba TCAS husikia transponda tu. Ndege isiyo na transponda, au iliyoizima, kwa TCAS haipo.

Mfano bora wa jambo hilo ulitokea Nevada, Marekani, Agosti 28, 2006. Ndege ya kibiashara aina ya Hawker 800XP, yenye watu watano, iligongana na glaida kwenye kimo cha futi 16,000 hivi. Glaida, kwa msomaji asiyezifahamu, ni ndege isiyo na injini, yenye mbawa ndefu na nyembamba, inayopandishwa na hewa ya joto kama mwewe anavyofanya. Glaida ile ilikuwa na transponda, lakini rubani wake alikuwa ameizima ili kutunza betri kwa ajili ya redio. Kwa bahati kubwa hakuna aliyekufa. Rubani wa glaida aliruka kwa mwavuli, na Hawker, pua yake ikiwa imevurugika, ikatua kwa tumbo. Mamilioni ya dola ya chuma na watu sita waliwekwa hatarini kwa sababu ya umeme wa betri moja.

Kwa hiyo tatizo la glaida lilikuwa la kiuchumi hasa. Haina injini ya kuzalisha umeme, mwenyewe mara nyingi ni mtu wa klabu na si kampuni, na inaruka kwa namna ambayo ingeichanganya TCAS. Glaida kumi zinaweza kuzunguka katika nguzo moja ya hewa ya joto, zikiwa zimeachana kwa makumi ya mita tu, na zote zikawa salama kwa kuwa zinazunguka upande mmoja. Mtambo wa ndege kubwa ungepiga kelele tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na kengele inayolia kila dakika huishia kuzimwa.

Jawabu lilitoka Uswisi. Urs Rothacher na Andrea Schlapbach, ambao baadaye waliungwa mkono na Urban Mäder, walibuni kifaa walichokiita FLARM, na mauzo ya kwanza yalianza mwaka 2004. Kazi yake ni rahisi kueleza. Ndani kuna kipokezi cha GPS na chombo cha kupima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Kila sekunde kifaa kinajua ndege iko wapi, inaelekea wapi na inageuka vipi, kisha kinakisia itakuwa wapi sekunde chache zijazo. Makisio hayo kinayatangaza kwa redio ndogo yenye nguvu kidogo, ambayo Ulaya hutumia masafa ya megahezi 868. Hayo ni masafa yasiyohitaji leseni ya redio, ya jirani ya yale ya mageti ya umeme na kengele za nyumba. Wakati huohuo kinasikiliza matangazo ya wenzake na kulinganisha njia. Kikiona njia mbili zitakutana, kinalia na kuwasha taa upande ambao hatari inatoka. Kikiona kwamba majirani wanazunguka kwa utaratibu, kinanyamaza. Onyo la kwanza huja yapata sekunde 18 kabla, na hukazwa kadiri muda unavyokwisha.

Angalia kile ambacho kifaa hakifanyi. Hakimwamuru rubani apande wala ashuke. Kinamwambia tu atazame wapi. Kwa kuwa hakichukui mamlaka ya uongozi wa ndege, hakikulazimika kupita katika mlolongo mrefu wa vibali unaozipandisha bei bidhaa za anga, na hiyo ndiyo siri ya bei yake. Kile cha kawaida huuzwa kwa mamia ya euro, si makumi ya maelfu, na hula umeme kidogo kiasi kwamba betri ya glaida haihisi.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Tuseme katika anga fulani ndege moja kati ya kumi ina kifaa hiki. Mgongano una ndege mbili, na kengele hulia endapo zote mbili zinacho. Uwezekano wa ndege mbili zinazokutana ovyo kuwa nacho zote ni moja ya kumi mara moja ya kumi, yaani asilimia 1. Asilimia 10 ya wenye ndege wametoa fedha, na usalama uliopatikana ni asilimia 1. Nusu yao wakinunua, jozi zinazolindwa ni asilimia 25. Wakinunua asilimia 90, ulinzi hufika asilimia 81. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa mwanzo anatoa fedha kamili kwa faida ambayo karibu haipo, na mnunuzi wa mwisho anakuta meza imeandaliwa.

Waliokuwa na ofisi wakati wa faksi wanalijua jambo hili. Mwenye mashine ya kwanza mjini hakuwa na wa kumpelekea karatasi. M-Pesa nayo, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ingebaki kichekesho kama mpokeaji wa fedha kule kijijini asingekuwa na simu. Tofauti ni kwamba mwenye faksi alijua hana wa kuwasiliana naye. Rubani mwenye FLARM katika anga isiyo na FLARM anatazama taa zilizotulia na kudhani kwamba njia ni nyeupe.

FLARM ilivuka mlima huo kwa sababu ilianzia mahali pafaapo. Marubani wa glaida wa Ulaya ni jamii ndogo, wanaruka katika milima ileile ya Alpi, wanakutana katika klabu na mashindano yaleyale, na wengi wao wamemzika rafiki aliyegongana na mwenzake. Klabu ikiamua, glaida zake zote hufungwa vifaa kwa pamoja, na mashindano mengi makubwa yaliingiza kifaa hicho katika masharti ya kushiriki. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, vifaa vinavyotumia teknolojia hiyo sasa vimo katika ndege zaidi ya 50,000. Kwa muuza simu wa jumla wa Kariakoo idadi hiyo haitamshtua, hasa akiambiwa imechukua miaka ishirini. Lakini kwa soko dogo kama la glaida ni karibu soko lote la nchi kadhaa.

Na hapa ndipo msomaji mwenye jicho la biashara anapopaswa kukaa vizuri. Baada ya kila mtu kununua, nani anamiliki lugha ambayo vifaa vinazungumza? Itifaki ya FLARM ni mali ya kampuni. Watengenezaji wengine wanaruhusiwa kutengeneza vifaa vinavyoelewana nayo, na wapo wengi, lakini hununua kwake teknolojia na leseni. Ujumbe hewani umefungwa kwa siri. Programu ya kifaa ina tarehe ya mwisho na hutakiwa kubadilishwa mara kwa mara, walau mara moja kwa mwaka. Mwaka 2015, toleo la sita lilipoingia, vifaa vililazimika kuhamia huko ili viendelee kusikilizana. Kampuni pia huuza orodha ya vizuizi vya ardhini, kama nyaya za umeme na za magari ya kamba milimani, kwa malipo ya kila mwaka. Hiyo ni biashara iliyofikiriwa vizuri: kifaa kinauzwa mara moja, lugha na orodha vinaendelea kulipa.

Wapo wanaolalamika, hasa watu wa kujitolea wanaoweka vipokezi vya ardhini ili kufuatilia glaida, kwamba usalama wa maisha haufai kufungiwa katika kabati la kampuni moja. Kampuni kwa upande wake hutetea usiri wa marubani na ubora wa ujumbe. Kwa maoni ya mwandishi huyu pande zote mbili zina hoja, lakini mnunuzi asijidanganye: bidhaa ambayo faida yake inatokana na wingi wa watumiaji humpa mwenye lugha uwezo mkubwa wa kupanga bei, kwa sababu kuhama peke yako ni sawa na kuhamia kisiwa kisicho na watu.

Serikali nazo zimeingia, kila moja kwa njia yake. Marekani ilichagua lugha iliyo wazi iitwayo ADS-B, ambayo ndege hutangaza mahali ilipo na yeyote mwenye kipokezi husikia. Kanuni ilitolewa mwaka 2010 na tarehe ya mwisho ikawa Januari 1, 2020 kwa ndege zinazotumia anga zenye shughuli nyingi. Glaida, maputo na ndege zisizo na umeme wa injini zilipewa msamaha. Ili kuwasukuma wenye ndege ndogo waliokuwa wakijivuta, tangu mwaka 2016 serikali ilitoa ruzuku ya dola 500 kwa ndege iliyotimiza masharti. Bei zilishuka, na kabla ya tarehe ya mwisho vilipatikana vifaa vya chini ya dola 2,000, gharama ya fundi mbali. Uingereza haikulazimisha, bali kuanzia Oktoba 2020 iliendesha mpango wa kurejesha nusu ya bei ya kifaa, isiyozidi pauni 250. Ulaya bara, ambako droni zimeanza kutengewa anga zake kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2023, mamlaka ya EASA ilichapisha mwishoni mwa 2022 lugha nyepesi iliyo wazi iitwayo ADS-L, ambayo inaweza kutangazwa kwa redio ndogo za aina ileile ya FLARM au kwa mtandao wa simu.

Ruzuku hizi si sadaka. Zinatokana na hesabu ya asilimia 1 na 81 tuliyoitaja. Mnunuzi wa mwanzo anawanufaisha wengine zaidi ya nafsi yake, hivyo soko likiachwa lenyewe halitafika haraka, na fedha ndogo ya umma mwanzoni hulisogeza.

Mwekezaji mdogo atauliza kama kuna hisa za kununua hapa. Kampuni ya FLARM ni ya watu binafsi na hisa zake haziuzwi sokoni. Anayetaka kampuni iliyoorodheshwa hutajiwa Garmin, ambayo hisa zake ziko katika soko la New York na ambayo huuza transponda na vifaa vya ADS-B. Lakini atazame mahesabu. Mwaka 2024 mauzo yote ya Garmin yalikuwa takriban dola bilioni 6.3, na idara ya ndege haikufikia bilioni 1. Zaidi ya nusu ilitokana na bidhaa za mazoezi na za matembezi, saa za mkononi zikiwa mbele. Anayenunua Garmin kwa ajili ya ndege amenunua zaidi duka la saa. Halafu akumbuke tabia ya soko linalotokana na tarehe ya serikali: hujaa kabla ya tarehe na kukauka baada yake. Mauzo ya idara hiyo ya ndege yalikuwa takriban dola milioni 735 mwaka 2019 na yakashuka hadi takriban milioni 623 mwaka 2020. Korona ilichangia sana, lakini kumalizika kwa mbio za ADS-B nako kulikuwamo.

Turudi Afrika Mashariki, kwa mwenye ndege. Kanuni za kimataifa za ICAO zinataka mtambo wa aina ya TCAS katika ndege za biashara zenye injini za turbaini ambazo zina uzito wa kuruka zaidi ya kilo 5,700 au ruhusa ya abiria zaidi ya 19. Dash 8 imo humo. Cessna Caravan, farasi wa punda wetu katika viwanja vya vumbi vya Seronera na Mara, ina uzito usiofika kilo 4,500 na viti vichache, hivyo iko nje ya kizingiti hicho. Cessna 172 ya shule ndiyo kabisa. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya ndege zinazobeba watalii na wanafunzi wetu, uamuzi huu umo katika bajeti ya mwenye kampuni.

Kwa mtu huyo, kunakili Uswisi moja kwa moja ni kosa. Uswisi adui wa glaida ni glaida nyingine yenye kifaa kilekile. Karibu na Wilson, ndege ya mafunzo inapishana na ndege za abiria zenye TCAS, na TCAS haisikii FLARM hata kidogo. Shilingi ya kwanza inunue transponda inayotangaza kimo, iwe imewashwa tangu kuruka hadi kutua, maana hiyo inaamsha kengele ambayo tayari imelipiwa na mwenye ndege kubwa. Piper ile ya Cerritos ilikuwa na transponda, lakini isiyotangaza kimo. Shilingi ya pili inunue transponda hiyo katika aina yenye ADS-B, na ya tatu kipokezi cha kuwaona wengine. Vipo vifaa, kama PowerFLARM, vinavyosikia lugha zote tatu, navyo vinafaa zaidi kwa anga yenye mchanganyiko.

Muuzaji akija na kijisanduku cha bei nafuu, aulizwe mambo mawili kabla ya kujadili bei: kinasikia lugha zipi, na kinasema lugha zipi. Vingi vya bei ya chini vinasikia tu. Mwenye navyo huwaona wengine kwenye kompyuta yake ya mkononi, ila yeye haonekani. Kisha aulizwe nani mwingine katika uwanja huo anacho. Kama jibu ni hakuna, inafaa zaidi shule na kampuni tatu au nne za uwanja mmoja zikae na kuagiza kwa pamoja kifaa cha lugha moja, na huenda zikapata punguzo la bei ya jumla. Na fundi alipwe muda wa kutosha kupima mahali pa antena, kwa sababu chuma, na hasa bodi za nyuzi za kaboni, huziba mawimbi. Kifaa kilichofungwa nyuma ya kizuizi huona mbele vizuri na kikawa kipofu upande mmoja, bila taa yoyote ya kumweleza rubani hivyo.